Kwa Nini Mwasi Hufa? Filamu za Marekani za 1967 hadi 1969 na Urithi Wake

Utangulizi

Kati ya mwaka 1967 na 1969 zilitoka nchini Marekani filamu kadhaa ambazo hadi leo wachambuzi huzitaja kuwa ndizo zilizobadili sura ya sinema ya nchi hiyo. Miongoni mwake ni Bonnie and Clyde na The Graduate za 1967, Night of the Living Dead ya 1968, na Easy Rider, Midnight Cowboy na The Wild Bunch za 1969. Zilitoka wakati majeshi ya Marekani yakipigana Vietnam, wakati mitaa ya Wamarekani weusi katika miji ya Newark na Detroit ikiwaka moto mwaka 1967, na wakati vijana walipokuwa wakichoma hadharani kadi zao za kuitwa jeshini.

Juu ya filamu hizi kuna rai mbili zinazopingana. Rai ya kwanza husema kwamba ni filamu za kimapinduzi, kwa kuwa zilimwondoa askari na mlinzi wa sheria katika nafasi ya shujaa, zikamweka mwasi mahali pake. Rai ya pili husema kwamba ni bidhaa za kibepari kama bidhaa nyingine, na kwamba uasi uliomo ndani yake ni kasumba ya kuwalaza vijana waliokuwa wameanza kuamka.

Rai zote mbili zina kasoro moja. Zinatazama jinsi mwasi anavyoishi, hazitazami jinsi anavyokufa. Mtu akizitazama filamu hizi moja baada ya nyingine ataona jambo ambalo haliwezi kuwa la bahati mbaya: karibu kila mwasi ameuawa kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Bonnie na Clyde wanauawa. Waendesha pikipiki wa Easy Rider wanauawa. Majambazi wa The Wild Bunch wanauawa. Mfungwa mkaidi wa Cool Hand Luke ya 1967 anapigwa risasi. Butch Cassidy na mwenzake, katika filamu ya 1969, tunawaacha wakikimbilia mbele ya bunduki za kikosi kizima. Yafaa tujiulize kwa nini. Swali hili litatusaidia kupambanua ukweli uliomo katika filamu hizi, mipaka yake, na kile walichorithi waliokuja nyuma.

Shida ya wenye studio

Kabla ya kuzichambua filamu zenyewe, hapana budi kueleza hali ya wale waliozilipia. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Paramount, na kwa sababu ya hukumu hiyo makampuni makubwa ya filamu yalilazimika kuachana na umiliki wa majumba ya sinema. Baadaye televisheni iliingia majumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 idadi ya watu waliokwenda sinema kila wiki ilikuwa imeshuka hadi chini ya robo ya ile ya mwaka 1946.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa kuwa The Sound of Music ya 1965 ilileta faida kubwa, kampuni ya 20th Century-Fox ilidhani kwamba filamu kubwa za nyimbo zingeiokoa. Ikamwaga fedha katika Doctor Dolittle ya 1967, Star! ya 1968 na Hello, Dolly! ya 1969, na zote tatu zikaitia hasara. Wakati huo huo makampuni yenyewe yalikuwa yakibadilisha wenyewe. Mwaka 1966 Paramount ilinunuliwa na Gulf and Western, kampuni iliyoanza kwa kuuza vipuri vya magari, ambayo mwaka uliofuata ilijipatia pia mashamba ya miwa katika Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1967 United Artists iliangukia mikononi mwa Transamerica, kampuni ya bima. Mwaka 1969 Warner Bros. ilichukuliwa na Kinney, kampuni ya maegesho ya magari na huduma za maziko.

Kwa mabwana hawa wapya, filamu, sukari na jeneza vilipimwa kwa mizani moja. Ndiyo sababu waliwafungulia mlango vijana wenye mawazo makali. Hawakuvutiwa na mawazo yale. Walichokiona ni kwamba filamu za vijana zilikuwa rahisi kutengeneza, na kwamba waliobaki wakinunua tikiti walikuwa vijana. Easy Rider iligharimu kiasi cha dola 400,000 tu, ikarudisha mamilioni mengi. Mmoja wa waliotoa fedha za filamu hiyo, Bert Schneider, alikuwa mtoto wa Abraham Schneider, mkuu wa kampuni ya Columbia iliyoisambaza. Fedha hizo kwa sehemu zilitokana na The Monkees, kipindi cha televisheni cha kundi la muziki lililoundwa makusudi kwa ajili ya biashara. Ndiyo kusema uasi ule ulilipiwa na mtoto wa nyumba ile ile ulioiasi.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kwa hiyo filamu hizi hazina ukweli. Bepari anayetafuta faida wakati wa shida hulazimika wakati mwingine kuuza hata kitu kinachomsema vibaya. Katika mwanya huo, watu wenye vipaji na hasira ya kweli waliingia na kusema mambo ambayo yasingesemwa kabla. Kazi ya mchambuzi ni kupima waliyoyasema na waliyoshindwa kuyasema.

Benki na bunduki

Tuanze na Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn na kuzalishwa na Warren Beatty. Inasimulia habari za wahalifu wawili wa kweli waliouawa na askari huko Louisiana tarehe 23 Mei, 1934, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mapema katika filamu kuna sehemu inayoeleza mengi kuliko milio yote ya bunduki inayofuata. Mkulima mmoja, ambaye nyumba na shamba lake vimechukuliwa na benki, anakuja na jamaa yake kuiaga nyumba hiyo. Clyde anampa bunduki yake. Mkulima analipiga risasi bango la benki. Halafu anamwita mtu mweusi aliyekuwa akifanya naye kazi shambani, naye anapewa bunduki na kuvunja dirisha.

Hapa kuna mambo matatu kwa pamoja: mali iliyoporwa kwa njia halali, mkulima mweupe na mfanyakazi mweusi waliopoteza kitu kimoja kwa adui mmoja, na silaha inayopita kutoka mkono hadi mkono. Filamu imefika mlangoni. Lakini haiingii. Mkulima na mwenzake wanashukuru, wanaondoka, na hatuwaoni tena. Clyde anabaki na bunduki yake, na tangu hapo habari ya benki inakuwa habari ya Clyde. Baadaye, Bonnie na Clyde wakiwa wamejeruhiwa, wanafika katika kambi ya watu waliofukuzwa mashambani. Watu hao wanawapa maji na chakula, wanawatazama kwa mshangao, mmoja anamgusa Clyde kama mtu agusaye kitu cha ajabu. Umma upo, lakini kazi yake ni kutazama.

Ukweli wa historia unaifanya kasoro hii ionekane zaidi. Kundi la kweli la Barrow liliiba mara nyingi zaidi katika maduka madogo na vituo vya petroli kuliko katika benki, na liliwaua watu wa kawaida pamoja na askari. Filamu iliwafanya kuwa wezi wa mabenki kwa sababu mtazamaji wa 1967 alihitaji kumwona mtu akiishambulia benki. Hitaji hilo lilikuwa la haki. Jibu alilopewa lilikuwa la uongo, kwa sababu benki haivunjwi na watu wawili ndani ya gari la wizi.

Mwisho wa filamu hiyo unajulikana duniani kote. Risasi nyingi zinawapiga wawili hao, na mhariri Dede Allen ameunganisha picha za mwendo wa kawaida na za mwendo wa polepole hata miili inaonekana kama inacheza ngoma ya kifo. Bosley Crowther wa gazeti la New York Times aliishutumu filamu kwa ukali kwa sababu ya kuuchezea umwagaji damu, na Pauline Kael akaitetea katika jarida la New Yorker. Mjadala wao ulihusu kiasi cha damu. Hawakubishana sana juu ya jambo lililo muhimu zaidi, yaani kwamba damu ile ilitufanya tumsahau mkulima.

Mabasi mawili

Katika The Graduate, iliyoongozwa na Mike Nichols, Dustin Hoffman anacheza kama kijana Benjamin, mtoto wa familia tajiri ya California, aliyemaliza chuo na asijue afanye nini na maisha yake. Rafiki wa wazazi wake anamshauri ajitose katika biashara ya plastiki. Kijana anachukizwa na maisha ya wazazi wake, na mwishoni anamtorosha msichana kutoka kanisani siku ya harusi yake, wakapanda basi. Wanacheka. Halafu kicheko kinaisha polepole katika nyuso zao, kwa kuwa hawajui basi linawapeleka wapi. Hapa Nichols alikuwa mkweli. Alionyesha kwamba kuchukia nyumba ya baba si sawa na kujua nyumba nyingine ya kujenga.

Miaka miwili baadaye Dustin Hoffman alipanda basi jingine. Katika Midnight Cowboy, iliyoongozwa na John Schlesinger, yeye ni Ratso, maskini mlemavu wa mitaa ya New York, anayelala katika jengo lililohukumiwa kubomolewa. Rafiki yake anampeleka Florida kwenye jua ili apone. Ratso anafia ndani ya basi kabla ya kufika.

Mchezaji ni yule yule, na filamu zote mbili zinaishia katika basi. Mtoto wa tajiri anabaki hai akiwa na wasiwasi. Mtoto wa maskini anakufa. Watengenezaji wa filamu hizi hawakukaa pamoja wakapanga hivyo. Lakini filamu zikitazamwa kwa pamoja zinatoa siri ambayo hakuna filamu moja iliyokusudia kuitoa: katika sinema ya uasi ya Marekani, kama katika Marekani yenyewe, uasi una bei, na si kila tabaka linadaiwa bei ile ile.

Easy Rider ni uthibitisho wa hayo. Wanaume wawili, Wyatt na Billy, wanaleta dawa za kulevya kutoka Mexico, wanaziuza kwa tajiri mmoja, wanazificha fedha ndani ya tangi la petroli la pikipiki, na kwa fedha hizo wananunua uhuru wao wa kuzunguka nchi. Mtazamaji huona barabara na milima, husikia muziki, akasahau kwamba safari yote inakwenda kwa fedha za biashara. Wanapita katika makazi ya vijana wanaojaribu kulima kwa ushirika huko New Mexico. Vijana wale wanapanda mbegu katika ardhi kavu. Wasafiri wanawatazama, wanawatakia heri, wanaondoka. Karibu na mwisho Wyatt anakiri kwa rafiki yake kwamba wameharibu mambo. Hasemi ni nini walichoharibu. Twaweza kusema kwamba waliutafuta uhuru wakiwa na kila kitu isipokuwa wenzao. Siku inayofuata wanapigwa risasi na watu wawili waliomo katika pikapu, watu maskini wa Kusini.

Hapa ndipo kosa kubwa la filamu hiyo lilipo. Anayemuua mwasi ni maskini mwenzake, mweupe, mjinga, mwenye meno mabovu. Mwenye shamba haonekani. Mwenye benki haonekani. Tajiri aliyenunua dawa anaonekana kwa dakika chache na hadhuriki. Kijana wa mjini alitoka ukumbini akiamini kwamba adui wake ni mtu wa shamba. Katika miaka iliyofuata wanasiasa wa upande wa kulia walilijua pengo hilo na wakalitumia vizuri kuliko watengenezaji wa filamu.

Kofi la Sparta na risasi ya Pennsylvania

Katika In the Heat of the Night ya 1967, iliyoongozwa na Norman Jewison, Sidney Poitier ni Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayejikuta katika mji mdogo wa Mississippi uitwao Sparta. Tajiri mwenye shamba la pamba anampiga kofi, naye papo hapo anamrudishia. Kofi lile lilikuwa tukio katika historia ya sinema ya Marekani. Filamu yenyewe ilipigwa kwa sehemu kubwa katika jimbo la Illinois, kwa kuwa Poitier alihofia usalama wake katika majimbo ya Kusini.

Mbona Tibbs anarudisha kofi na anaishi? Jibu limo katika hadithi yenyewe, ila wachambuzi wengi hawalitilii maanani. Mtu aliyeuawa alikuwa mwenye viwanda kutoka Chicago aliyekuja kujenga kiwanda pale mjini. Mjane wake anatishia kuondoa kiwanda ikiwa Tibbs hataruhusiwa kuendelea na upelelezi. Kwa hiyo wakubwa wa mji wanalazimika kumvumilia. Kinachomlinda mtu mweusi katika Sparta ni haja ya mji kupata mtaji wa Kaskazini. Aidha, yeye mwenyewe ni askari wa dola. Wafanyakazi weusi wanaochuma pamba tunawaona kupitia dirisha la gari wakati Tibbs akipita. Tena umma upo, na tena kazi yake ni kuwa mandhari.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora katika sherehe iliyofanyika tarehe 10 Aprili, 1968. Sherehe ilikuwa imeahirishwa kwa siku mbili, kwa sababu tarehe 4 Aprili Martin Luther King alikuwa ameuawa mjini Memphis. Rod Steiger, aliyecheza kama mkuu wa polisi mweupe, alipewa tuzo ya mchezaji bora. Poitier, ambaye mwaka ule alikuwa na filamu tatu zilizopendwa sana, hakupendekezwa hata kwa moja.

Miezi sita baadaye, mwezi Oktoba 1968, ilionyeshwa huko Pittsburgh filamu ya kutisha iliyotengenezwa na kikundi cha vijana kwa takriban dola 114,000. Ni Night of the Living Dead, iliyoongozwa na George Romero. Maiti wanafufuka na kuwala watu. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani huko Pennsylvania, na mwenye akili na uthabiti kati yao ni Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi. Wengine wanagombana juu ya nani atawale nyumba. Ben peke yake anaufikia usiku wa mwisho akiwa hai. Kulipokucha, kundi la watu weupe wenye bunduki na mbwa linakuja kusafisha eneo. Wanamwona dirishani. Wanampiga risasi, kisha wanamtupa juu ya lundo la maiti na kulichoma. Sehemu hiyo ya mwisho inaonyeshwa kwa picha zisizotembea, kama picha za magazeti, na Mmarekani mweusi wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa zilifanana na picha gani.

Hii ndiyo filamu kali kuliko zote za kipindi hicho. Wanaomuua Ben ni vyombo halali vya utaratibu, wakiongozwa na mkuu wa polisi, wakiwa na utulivu kabisa, wakinywa kahawa. Haitufariji kwa kutuambia kwamba ilikuwa bahati mbaya ya barabarani. Tena, filamu hii ya kutisha iliona jambo ambalo filamu za wasomi hazikuliona: watu waliomo ndani ya nyumba wanakufa kwa sababu hawakuweza kushirikiana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watengenezaji wake nao walipata somo lao. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu aliondoa pia tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu. Wengine walichuma, waliopanda wakakosa.

Je, si kweli kwamba waasi waliuawa?

Msomaji anaweza kupinga hapa. Atasema: filamu hizi zilionyesha mambo yalivyokuwa. Malcolm X aliuawa 1965. King aliuawa 1968. Fred Hampton wa chama cha Black Panther aliuawa na polisi huko Chicago tarehe 4 Desemba, 1969, akiwa na umri wa miaka 21. Kwa nini basi filamu zilaumiwe kwa kusema kweli?

Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu. Watu hao watatu waliuawa wakiwa katikati ya watu. King alikuwa Memphis kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Malcolm X alikuwa akihutubia mkutano. Hampton alikuwa akiwaunganisha vijana weusi, Wapuertoriko na weupe maskini wa Chicago. Wote watatu walikuwa na wenzao, na walikuwa wakiwakusanya wengine. Mwasi wa filamu huuawa akiwa peke yake, na mtazamaji anaambiwa kwamba kifo ndicho mwisho wa upweke. Kinachokosekana katika picha ya namna hii ni jambo ambalo wenye nguvu waliliogopa kuliko yote.

Kuna sababu ya pili. Kanuni za utengenezaji wa filamu zilizosimamiwa na wenye studio tangu mwaka 1934 zilidai kwamba mvunja sheria asiachwe ashinde. Kanuni hizo ziliondolewa mwaka 1968, na mwezi Novemba ukaanza utaratibu wa kupanga filamu katika madaraja ya umri. Uchi uliruhusiwa, damu iliruhusiwa, matusi yaliruhusiwa. Lakini hukumu ya kifo juu ya mwasi ilibaki, ingawa hapakuwa tena na kanuni iliyoidai. Watengenezaji walikwisha izoea hata wakaiona kuwa ndiyo ukweli wenyewe.

Pale umma ulipoonekana

Zilikuwapo filamu zilizojaribu njia nyingine. Katika Medium Cool ya 1969, Haskell Wexler, mpiga picha mashuhuri, alimpeleka mwanamke mmoja wa hadithi, Eileen, mama maskini kutoka West Virginia, katikati ya maandamano ya kweli ya Chicago ya Agosti 1968. Amevaa gauni la manjano, anamtafuta mtoto wake, na nyuma yake kuna askari wa kweli na vijana wa kweli wanaopigwa marungu. Shujaa wa filamu ni mpiga picha wa televisheni anayegundua kwamba kituo chake kinawapa FBI picha alizopiga. Hapo swali linakuwa: picha ni mali ya nani, na inamtumikia nani? Hata Wexler alimaliza kwa ajali ya gari na kifo. Lakini mwishoni aliigeuza kamera yake ikamtazama mtazamaji, kama amwulizaye na wewe ulikuwa wapi. Paramount haikuifurahia filamu hiyo. Ilichelewa kutoka, na ilipotoka iliwekwa katika daraja la watu wazima tu.

Mwaka huo huo Gordon Parks alitengeneza The Learning Tree kutokana na riwaya yake mwenyewe, katika mji wa Fort Scott, Kansas, alikozaliwa. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood. Mna vijana wawili weusi humo. Marcus, mwenye hasira na asiye na mtu wa kumtegemea, anapigwa risasi na askari. Newt, mwenye mama, jamaa na majirani, anasimama mahakamani kusema kweli na anaishi. Waliokuwa na haraka ya mapinduzi waliiona filamu hii kuwa ya upole mno. Kwa maoni yetu Parks aliliona jambo kuu: anayebaki hai ni yule aliye na watu.

Nje kabisa ya studio, kikundi cha Newsreel, kilichoundwa New York mwishoni mwa 1967, kilitengeneza filamu fupi za migomo na maandamano, mojawapo ikiwa juu ya maasi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia ya 1968. Humo hamna nyota, na umma ndio mhusika mkuu. Kilichokosekana ni majumba ya kuzionyeshea.

Urithi

Mtu ambaye aliirithi hoja hii kwa ukamilifu alikuwa Melvin Van Peebles. Filamu yake ya 1971, Sweet Sweetback's Baadasssss Song, ilitengenezwa nje ya studio, na ilipoanza ilionyeshwa katika majumba mawili tu, Detroit na Atlanta. Mtu mweusi anawapiga polisi wawili waliokuwa wakimtesa kijana mwanaharakati, anakimbia, na anaponyoka. Mwasi hafi! Na sababu imeandikwa mwanzoni mwa filamu, katika orodha ya wachezaji: nyota wa filamu ni jumuiya ya watu weusi. Kila anapofika wapo wanaomficha na kuwapoteza polisi. Huey Newton wa Black Panther aliisifu sana. Lerone Bennett wa jarida la Ebony aliikosoa, na ukosoaji wake ulikuwa na haki kwa sehemu, hasa kwa jinsi filamu inavyowatumia wanawake kama vyombo.

Studio ziliiona faida, zikachukua mavazi na muziki, zikaiacha jumuiya. Katika Shaft ya 1971 na Super Fly ya 1972 mtu mweusi anashinda, lakini anashinda peke yake, kwa ajili yake mwenyewe. Urithi wa kwanza, basi, ni huo: studio zilijifunza kumwacha mwasi aishi, mradi aishi peke yake.

Urithi wa pili ni wa wale vijana waliofunguliwa mlango. Mwaka 1969 Francis Ford Coppola na George Lucas walianzisha kampuni yao huko San Francisco ili wawe huru na Hollywood. Mwaka 1975 Jaws ya Steven Spielberg ilifunguliwa katika majumba zaidi ya 400 kwa mpigo, ikitanguliwa na matangazo mengi ya televisheni. Mwaka 1977 ikaja Star Wars ya Lucas. Humo waasi wanashinda na dola kuu inashindwa. Lakini wanashinda katika nyota za mbali, mahali ambapo mtazamaji hana shamba lililochukuliwa wala kodi ya nyumba anayodaiwa. Waasi hao wakauzwa kama wanasesere wa watoto. Mwaka 2012 Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa dola bilioni 4 hivi, na mwaka 2019 Disney ikainunua hata studio ya Fox iliyokuwa imeisambaza filamu hiyo. Mtaji uliokuwa ukitapatapa mwaka 1967 umekwisha kupona, tena kwa dawa waliyoichemsha vijana wale wale.

Urithi wa tatu ni mdogo kwa fedha na mkubwa kwa maana. Katika Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, vijana weusi walioanza masomo ya filamu tangu mwisho wa miaka ya 1960, miongoni mwao Charles Burnett na Mwethiopia Haile Gerima, waliacha kabisa kumtafuta mwasi. Killer of Sheep ya Burnett, iliyopigwa mtaa wa Watts katika miaka ya 1970 kwa chini ya dola 10,000, inamhusu mfanyakazi wa machinjio ya kondoo: uchovu wake, mke wake, watoto wanaorukaruka juu ya mapaa. Hakuna risasi. Adui ni kazi yenyewe, na kila mtazamaji mfanyakazi anaitambua. Kwa kuwa haki za nyimbo zilizotumika hazikuwa zimelipiwa, filamu hiyo haikuweza kusambazwa rasmi katika majumba ya sinema hadi mwaka 2007. Kwa miaka karibu thelathini ilijulikana kwa wachache tu.

Hitimisho

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mwasi wa filamu za 1967 hadi 1969 alikufa kwa sababu waliomtengeneza waliiona dhuluma vizuri, lakini hawakumwona aliyeweza kuiondoa. Walimwona mkulima aliyenyang'anywa shamba, wakamwacha barabarani. Waliwaona wachuma pamba, wakawapita kwa gari. Baada ya kuwaondoa hao, alibaki mtu mmoja na bunduki au pikipiki yake, na mtu mmoja mbele ya dola hana mwisho mwingine.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaoziita filamu hizi mapinduzi, wala na wanaozitupa. Zinafaa kutazamwa, na kutazamwa tena, kwa sharti moja: mtazamaji asimfuate shujaa tu. Amtazame mkulima anapoirudisha bunduki ya Clyde. Awatazame vijana wanaopanda mbegu New Mexico baada ya pikipiki kuondoka. Awatazame wale walio nje ya dirisha la gari la Tibbs. Kamera iliwaonyesha kwa dakika chache, ikaondoka. Wao wanapoishi ndipo hadithi ilipobaki bila kusimuliwa, na Parks, Van Peebles na Burnett, kila mmoja kwa njia yake na kwa makosa yake, walirudi pale pale kuianza.